Anko Nijibu: Nimekutana na pacha wangu nisiyemjua, je mzee alichepuka?

SWALI: Anko shikamoo. Juzi nilialikwa harusi ya rafiki wa kazini, sijui mtu zaidi yake, nimesimama zangu na soda akaja mama mmoja akanidaka mkono "we mtoto unatafutwa kwenye picha" akanivuta mpaka kwenye mstari wa ndugu wa bwana harusi, nikaogopa kumbishia mtu mzima nikasimama hukohuko natabasamu. Mara akatokea jamaa anakimbia, anko ule ni mimi mtupu, ndevu, mwanya, hadi miwani. Watu walicheka mpaka mpiga picha akaweka kamera chini. Kibaya zaidi simu yangu ikafunguka kwa sura yake! Nyumbani nikawaonyesha picha, mama kacheka, baba kanyamaza kabisa akaenda kulala. Sasa nimuulize?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimuulize, mwache mzee alale, mtu anaweza kunyamaza kwa sababu amechoka tu. Wahenga walishasema duniani wawili wawili, na siku hizi hata maabara inawaunga mkono. Kuna mpiga picha wa Canada anaitwa François Brunelle, kwa zaidi ya miaka 20 anapiga picha watu wanaofanana ambao si ndugu, sasa mwaka 2022 watafiti wa Barcelona wakachukua jozi 32 kati ya hao wakazipitisha kwenye programu tatu za kutambua sura, na jozi 16 zikakubaliwa na programu zote tatu kwamba hawa wanafanana kwelikweli. Walipopima mate yao wakakuta wengi wa hao 16 wana vinasaba vinavyokaribiana sana, na ukoo hawachangii. Sura inajengwa na vinasaba vingi lakini si kwamba havina mwisho, na watu duniani tumeshapita bilioni 8, lazima karata zijirudie mahali. Halafu nyie wote mna ndevu na miwani, hapo tayari nusu ya kazi imeshafanyika, mnyoe wote mje tena tuwaone.

Na sadfa kama yako zipo. Mwaka 2015 kwenye ndege ya London kwenda Ireland wanaume wawili wasiojuana, wote ndevu nyekundu, walijikuta viti vya jirani, wakacheka wakapiga selfi wakaachana, kumbe hoteli ni ileile, na usiku wakakutana tena baa!

Ila si wote hucheka. Adolf Beck alifungwa Uingereza mwaka 1896 kwa sababu wanawake kibao walimnyooshea kidole wakidhani ndiye tapeli aliyewaibia, wakati kumbukumbu za gereza alikowahi kufungwa tapeli mwenyewe zinaonyesha katahiriwa na Beck hajatahiriwa. Ushahidi wote huo ndani ya suruali na bado akatumikia kifungo, mwaka 1904 akatiwa hatiani tena, ndo yule tapeli akanaswa na Beck akasamehewa.

Sasa kama roho bado inakudunda, wala humhitaji mzee. Nyie wote wanaume, na kromosomu Y, yaani fungu la vinasaba walilonalo wanaume tu, mtoto wa kiume anaipata kwa baba yake karibu bila kubadilika, kwa hiyo muombe jamaa mpime wote wawili, zikitofautiana sana basi baba yenu si mmoja, habari imeisha. Zikilingana usikimbilie kulia, hiyo inaonyesha ukoo mmoja wa kiumeni tu, anaweza kuwa hata babu wa mababu, hapo ndo mnaenda kipimo kikubwa zaidi cha vinasaba, na sampuli za mama zenu zikiwepo majibu yanakuwa safi zaidi.

Kuhusu simu, Apple walitangaza kwamba uwezekano wa mtu baki kufungua simu yao kwa sura yake ni chini ya 1 kwa 1,000,000, sijui yako ni ya kampuni gani, ila zipo simu zinazoangalia picha ya kawaida tu ya kamera na hizo hudanganyika kirahisi. Zima hiyo kitu, weka namba ya siri leo, hasa kama M-Pesa iko humo.