Kuchora vitoto vya wanyama: kunaniweka mjini, na kuna siku kunanikera

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama ni aibu kwa mchoraji aliyefundishwa kazi akaiva kuishia kwenye vitoto vya tembo na simba wenye macho makubwa, maana wenzako wanakucheka kwamba umeuza brashi yako kwa watalii. Nimo humo siku nyingi. Nilianzia kwa mjomba wangu, Oysterbay, kazi yangu ikiwa kuosha brashi na kupiga bakgraundi. Sina jibu la ndiyo au hapana, ila ninayo ya kusema.

Hili la "kuuza" tulimalize haraka. Hao wanaokucheka wanaongea kana kwamba zamani kulikuwa na mchoraji wa Tingatinga, mtindo wetu huu wa picha za wanyama, asiyegusa hela. Mzee Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968, kwenye hadibodi za dari, kwa rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli, na picha zake zilinunuliwa na wageni waliokuwa wakipita hapohapo Oysterbay. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Chui wake walikuwa wa kuuzwa tangu siku ya kwanza, na bado walikuwa chui. Soko halijawahi kuninyima usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni jicho.

Wewe unaijua kanuni: kichwa kikubwa, paji pana, macho yashushwe chini ya katikati ya uso, mashavu yajae, miguu iwe mifupi. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, aliandika mwaka 1943 kwamba maumbo hayo ndiyo yanayomwamsha binadamu hamu ya kulea. Sisi kibandani tuliijua bila kumsoma, kwa kuangalia tu picha ipi inatoka ukutani na ipi inakula vumbi. Duara jeusi, utepe wa kahawia kuzunguka, nukta nyeupe juu kushoto. Nukta ikishakaa, mnyama anaanza kukutazama. Ongeza nyingine ndogo chini kulia, jicho linalengalenga machozi, na mteja hana tena nguvu ya kubishana bei. Mawinga, wale madalali wanaotuletea wateja, wanaliita "jicho la dola".

Na jicho hilohilo nampa tembo, nampa simba, nampa twiga. Tembo wa kweli ana kijicho kidogo chenye kope ndefu, unaweza hata usikione kwenye ule uso mkubwa. Kwa hiyo nikimaliza oda ya vitoto kumi nakuwa nimechora mtoto mmoja wa tangazo la sabuni aliyebadilishwa ngozi mara kumi. Hapo ndipo roho inaponisuta. Si kwamba kitoto cha mnyama ni kitu duni cha kuchora. Ni kigumu kuliko mama yake, na ile kanuni inaniruhusu nisimwangalie kabisa.

Hebu mchukue ndama wa twiga. Anazaliwa na urefu wa karibu mita 1.8, saa moja haijaisha keshasimama, na vipembe vyake vinakuwa vimelala vikaja kuinuka baadaye. Ni miguu mitupu yule! Mwana wa pundamilia ni hivyohivyo, miguu inakaribia ya mama yake, na mistari yake ni ya kahawia wala si myeusi. Wachore walivyo uone mteja atakavyokunja uso: "Huyu ni mtoto kweli?" Mtoto wa fisi ndiye usiseme, anazaliwa mweusi mweusi. Sijawahi kupata oda ya mtoto wa fisi.

Kisha kuna la nyumbani. Kwetu ni Tunduru. Dada yangu hupiga simu msimu wa mahindi: "Kaka, wale watoto wako wazuri wamepita shambani na mama zao. Njoo uwachore vizuri, maana wameshiba." Huku mkononi nina brashi, namalizia kitoto cha tembo kilichoshika ua kwa mkonga. Kitoto halisi hata huo mkonga hakiuwezi miezi ya mwanzo, unaning'inia tu, mara kiukanyage. Nacheka naye, lakini ua lile linanishinda kumalizia siku hiyo.

Upande wa pili sitaki pia kujifanya mgumu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo kama 109,000 nchini. Ile ya 2014 ikakuta kama 43,000, majangili walishapita. Miaka ile vitoto vya tembo vilikuwa vikitoka dukani kama kawaida, na kuna wanunuzi waliokuwa wakiniuliza kwa uchungu wa kweli habari za tembo wa Selous. Lile jicho langu la uongo ndilo lililowasimamisha. Nalifikiria hilo hadi leo na sijui niliweke fungu gani.

Ninavyofanya sasa: oda ni oda, naichora safi, naichukua hela, watoto wanasoma. Pembeni nachora vya kwangu kwa macho ya saizi yake. Mwaka jana nilihangaika na mtoto wa duma, yule mwenye manyoya marefu ya kijivu mgongoni. Rangi ya mafuta haipendi manyoya, inateleza na kung'aa. Dawa yake ni kuacha ya chini ikauke kabisa, ukaifuta brashi kwenye tambara mpaka ibaki kama kavu, halafu uvute kidogo kidogo bila kurudia. Watalii waliipita. Akaja dereva wao, mtu wa Serengeti, akasimama muda mrefu, akasema, "Huyu nyegere au duma?" Nilifurahi kuliko kulipwa, kwa sababu wakiwa wadogo ndivyo hasa wanavyofanana. Hakuinunua, alisema bei yangu ni ya wazungu.

Kwa hiyo usiache, mkuu. Ila wenzako wakikucheka, waulize kama wanaweza kuchora mkonga wa tembo wa wiki mbili bila kuufanya bomba. Na tupia hapa picha ya hicho kitoto wanachokicheka, tukione.