Mtoto Mdogo Haitwi Mkutanoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unaniuliza kama umhamishe mjukuu wangu kimyakimya, kwa kuwa darasa la awali limejaa hadi watoto wengine wanaandikia sakafuni. Kabla ya hilo, acha nikueleze habari ya sikio la kaka yako, ambayo wewe unaijua nusu.

Mwaka 2004, hapa Muheza, mwalimu wake wa darasa la kwanza aliniambia kwamba ni mkaidi, akiitwa haitiki. Nami, badala ya kuuliza ameketishwa wapi, niliitikia kwa kichwa, nikarudi nyumbani nikamchapa. Kesho yake asubuhi nilikuta usaha umeganda kwenye mto wake. Kumbe siku zote zile alikuwa akisikia kwa sikio moja, naye amepangiwa dawati la nyuma, penye dirisha la upande wa barabara. Fimbo ile inaniuma hadi leo.

Dawa ilikausha usaha, lakini dawati lilibaki palepale. Mtoto mdogo haitwi mkutanoni. Lake husemwa na mzazi au halisemwi kabisa. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama, magoti yakitetemeka, nikaomba watoto wote wa darasa lile wapimwe masikio kabla ya mtu kuwaita wakaidi. Baba mmoja akasema namtafutia mwanangu upendeleo. Huenda hakukosea sana, maana wangu ndiye aliyenisimamisha. Lakini muuguzi alipokuja, waligundulika wengine wawili ambao hakuna aliyewadhania.

Wakati ule sikuwa na cha kushika mkononi. Wewe unayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe, na ipo kamati ya shule yenye wawakilishi wa wazazi. Nenda na hesabu: watoto wangapi, madawati mangapi. Mwalimu usimfanye adui, kwani msongamano huo unamwelemea na yeye.

Narudia, mtoto mdogo haitwi mkutanoni, na ukimwondoa wako sijui nani atawasemea watakaobaki sakafuni. Hata hivyo, mwaka wake wa awali haurudi, na si mimi ninayemwona akija nyumbani na vumbi magotini. Ulimi unaniwasha kukuamulia, ila nauzuia. Niandikie tu mkutano wa wazazi ni lini.

Mama yako