Spredi kwenye mbio za magari: tafuta hasara kubwa kwanza, ndipo uweke dau

Aliyezoea mkeka wa mpira ana uhakika wa jambo moja: akiweka elfu mbili na mkeka ukachanika, ameliwa elfu mbili, basi. Kwenye spredi, yaani kubeti kwa kununua au kuuza namba iliyowekwa na kampuni, uhakika huo haupo. Pesa unayoiita dau ni bei ya pointi moja tu. Hasara yako ni hiyo bei mara idadi ya pointi ulizokosea, na mbio za magari zina njia nyingi za kukufanya ukosee kwa pointi nyingi. Kwa hiyo anayetoka kwenye vibanda vya kubeti vya Kilombero au Majengo hapa Arusha akiwa na hesabu za odi kichwani, inabidi aziweke pembeni kwanza.

Mchezo wenyewe haukuzaliwa kwenye magari. Mwaka 1974 Stuart Wheeler alianzisha kampuni ya IG Index Uingereza ili watu wabeti bei ya dhahabu, na utaratibu uleule ukaja kuhamia kwenye michezo. Mpaka leo umebaki na lugha ya sokoni: hubashiri nani atashinda, unanunua au unauza namba.

Tuchukue idadi ya magari yatakayomaliza mbio ya Formula 1. Tuseme yanaanza magari 22 na kampuni imeweka 18–19. Ukiona yatamaliza mengi, unanunua kwa 19. Ukiona yatamaliza machache, unauza kwa 18. Pengo la kati ndilo ulaji wa kampuni. Sasa nunua kwa 19, shilingi 5,000 kwa kila gari. Yakimaliza 21, umezidi kwa 2, unapata 10,000. Yakimaliza 14, umepungukiwa 5, unalipa 25,000.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo kosa lilipo. Endelea mpaka kwenye ncha zote mbili. Magari hayawezi kuzidi 22, kwa hiyo faida yako kubwa kabisa ni 3 mara 5,000, yaani 15,000. Upande wa chini hakuna sakafu mpaka sifuri: 19 mara 5,000 ni 95,000. Utasema haiwezekani. Indianapolis, mwaka 2005, magari 14 yaliyokuwa na matairi ya Michelin yaliingia piti (eneo la mafundi) baada ya mzunguko wa kujipanga, yakabaki 6 kushindana. Kwa bei ya mfano wetu, mnunuzi angedaiwa 65,000 kabla mbio haijachanganya. Muuzaji wa soko hili, yaani namba hii inayobetiwa, anapoteza kidogo mara nyingi na kuvuna sana mara chache, mnunuzi kinyume chake. Hiyo haina maana kwamba kuuza ni bora, maana bei ya kampuni imeshahesabu hayo. Ina maana tu kwamba mnunuzi anahitaji mfuko mkubwa kuliko faida anayoifukuzia.

Kisha kuna suala la nani "amemaliza". Kwa kanuni za Formula 1, dereva aliyetimiza asilimia 90 ya mizunguko ya mshindi anaingia kwenye orodha rasmi hata kama gari limezimika njiani. Monaco 1996 ni mfano mzuri: magari yaliyopita kwenye bendera ya mwisho yalikuwa 3, orodha rasmi ikawa na madereva 7. Soma masharti ya soko ujue kampuni inahesabu kipi. Tofauti ya magari 4 kwa bei yetu ni shilingi 20,000.

Kwa anayeanza, soko lenye staha ni pointi za dereva mmoja katika mbio moja. Kampuni nyingine zina mizani yao, lakini tutumie ya Formula 1 yenyewe: 25, 18, 15, 12, 10, 8, 6, 4, 2, 1. Dereva amewekwa 12–14. Ukinunua kwa 14 kwa shilingi 2,000, akishinda unapata 11 mara 2,000, yaani 22,000. Akigonga ukuta mzunguko wa kwanza unalipa 28,000. Ukiuza kwa 12, akishinda unalipa 26,000, asipopata kitu unavuna 24,000. Ncha zote mbili unaziona kabla hujabonyeza chochote, na hazijapishana mno. Ila kumbuka mbio inaweza kukatwa. Spa, Ubelgiji, mwaka 2021 mvua iliwafanya wazunguke nyuma ya gari la usalama na kutolewa nusu pointi, Verstappen akashinda kwa 12.5 badala ya 25. Kama masharti yanafuata pointi rasmi, aliyenunua kwa 14 alikuwa na mshindi mkononi na bado analipa.

Soko la sekunde, yaani pengo kati ya wa kwanza na wa pili, tunashauri ulitazame kwa mbali. Wapenzi wa rali wa huku kwetu hulipenda kwa sababu ya Safari Rally, ambayo tangu 1953 ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika kabla ya kubaki Kenya peke yake. Angalia matokeo yake tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia: 2021 Ogier alimshinda Katsuta kwa sekunde 21.8, 2023 alimshinda Rovanperä kwa 6.7, 2024 Rovanperä akamwacha Katsuta kwa dakika 1 na sekunde 37.8. Ungeuza kwa 25 kwa shilingi 1,000 kila sekunde, mwaka 2023 ungepata 18,300. Mwaka 2024 ungelipa 72,800. Faida yako haiwezi kupita 25,000 hata wakifungana kwa ukucha, lakini hasara inakwenda na vumbi la Naivasha. Kama kampuni haijaweka kikomo cha sekunde kwenye soko hilo, achana nalo.

Pointi za msimu mzima nazo zina mtego wake, wa kalenda. Mwaka 2025 dereva angeweza kukusanya pointi 648 kwa mbio 24 na zile fupi 6, lakini kalenda si ahadi. Mwaka 2020 zilipangwa mbio 22 zikafanyika 17, na 2023 Imola ilifutwa kwa mafuriko. Kila mbio inayofutwa inamuumiza mnunuzi. Juu ya hapo, amana yako, yaani pesa uliyoiacha kwa kampuni kufidia hasara, inashikiliwa miezi yote hiyo.

Uzuri wa spredi ni kwamba unaweza kutoka katikati. Ulinunua kwa 14, dereva wako amepanda, bei sasa ni 20–22: unauza kwa 20 na kufunga faida ya pointi 6. Lakini usijidanganye kwamba utawahi kwa kutazama televisheni. Mbio nyingi za Ulaya zinaanza saa 10 jioni kwa saa zetu, na picha inayofika kwenye kisimbuzi au simu Arusha imechelewa sekunde kadhaa. Wenye bei wanapokea taarifa za uwanjani moja kwa moja. Ukiona gari linatoa moshi, soko limeshafungwa, na likifunguliwa bei imekimbia. Amri ya kikomo cha hasara, yaani agizo la kukutoa bei ikifika namba uliyoitaja, kama kampuni inayo, nayo inatekelezwa kwa bei iliyopo wakati huo. Si lazima iwe ile uliyoiandika.

Kiasi cha kuweka, basi, kinahesabiwa kinyumenyume. Chukua pesa ambayo ungeiweka kwenye mkeka ukubali iende, tuseme 10,000, uigawe kwa hasara kubwa kabisa ya soko kwa hesabu ya pointi. Kwa magari yanayomaliza ni 10,000 kugawa kwa 19, kama 526, kwa hiyo dau ni 500 kwa gari. Ni dogo, ndiyo. Kama dau la chini kabisa la kampuni linazidi hapo, soko hilo si la mfuko wako. Jaribu kwa daftari kwanza: andika bei ya kabla ya mbio, upande uliouchagua na namba ya mwisho, msimu mzima kama una subira.

Uingereza spredi za michezo husimamiwa na FCA, mamlaka ya kusimamia huduma za fedha, kama bidhaa ya kifedha, na deni lake linadaiwa mahakamani. Huku kwetu leseni za kubeti hutolewa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na umri ni miaka 18 kwenda juu. Anayekuomba utume pesa kwa simu "akuchezee spredi" kwenye akaunti yake, mwombe namba ya leseni uihakiki kwenye Bodi. Usitume kitu kabla ya hapo.

La mwisho ni saa ya kufunga hesabu. Ubelgiji 2024 Russell alivuka mstari wa kwanza, akapanda jukwaani, kisha akaondolewa kwa sababu gari lilipungua kilo 1.5 chini ya uzito unaotakiwa, ushindi ukaenda kwa Hamilton. Kampuni inayofunga kwa matokeo ya jukwaani inamlipa aliyemnunua Russell, inayosubiri matokeo rasmi ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, inamdai. Kifungu hicho kitafute kwenye masharti kabla hujaweka amana, na ukikikosa uliza kwa maandishi.