Muulize Fundi wa Boti: Mipira mipya, mashine inachemsha

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Nina boti ya faiba ya mita 9, mashine ya ndani ya dizeli, silinda tatu. Navusha mizigo baina ya Wete na Tanga. Mipira ya maji na ya ekzosi ilikuwa imechanika, nikanunua mingine kwenye duka la vipuri vya malori, maana ile ya mashine yenyewe ni ya kuagiza na bei yake haishikiki. Ikiwa sailensa, yaani resi ya chini kabisa, haina neno, lakini nikipandisha resi inachemsha. Vijana wanaolala chumba cha omo (mbele ya boti) nao wanalalamikia moshi. Kuna fundi kaniambia nitoe termostati, ile valvu inayodhibiti joto la mashine. Nimsikilize?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Vijana kwanza, mashine baadaye. Kuanzia leo mtu asilale humo chomboni mashine ikizunguka, mpaka ekzosi itengenezwe. Kwenye ule moshi mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mnachonusa ni dizeli tu. Gesi yenyewe hamuijui. Anayeivuta huumwa kichwa, akapata kichefuchefu, akadhani bahari imemshinda, akaenda kujilaza palepale penye sumu. Nakuomba sana hili usilicheleweshe hata kwa safari moja.

Termostati iache mahali pake. Ukiitoa, mashine hufanya kazi ikiwa baridi mno, na katika mashine nyingine maji hupita njia ya mkato bila kuingia kwenye kipozeo, ikachemsha zaidi. Dalili zako zinanipeleka kwenye mpira wa kunyonyea, ule unaotoka koki ya chini ya boti hadi pampu ya maji ya chumvi.

Mpira wa rejeta ya lori kazi yake ni kubeba maji yanayousukuma kutoka ndani. Upande wa kunyonya mambo ni kinyume: pampu inavuta, na mpira usio na waya unabonyea. Kwenye sailensa mvuto ni mdogo, huoni kitu. Resi ikipanda, mpira unalala bapa, hasa penye kona, na maji yanakatika. Hakikisha mwenyewe: funga boti gatini kwa kamba imara, mwenzio apandishe resi, wewe mulika tochi kwenye ule mpira. Mkono weka mbali na mkanda. Ukiuona unajibana, umeshapata jibu. Tafuta mpira wenye springi ya waya ndani ya ukuta wake, kipenyo sawa na mdomo wa pampu, usipunguze hata kidogo. Kisha fungua pampu utazame impela, yaani gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji. Ni ya mpira na hupozwa na maji hayohayo. Ikizunguka kavu hata dakika moja inaweza kuungua. Kama bawa limekatika, litafute hadi ulipate, kwa sababu hukwama mdomoni mwa kipozeo, na utabadilisha impela huku mashine ikiendelea kuchemsha.

Sasa ekzosi, na hapa sitakupa njia ya bei rahisi. Moshi hutoka kwenye silinda ukiwa moto wa kuunguza. Kinachouokoa mpira ni maji ya chumvi yanayomwagwa ndani ya elbo ya ekzosi, ile kona ya bomba inayotoka kwenye mashine. Maji yakikatika, mpira wa lori unaanza kuoka kwa ndani, unatoka magamba, halafu unavuja. Nunua mpira ulioandikwa ubavuni SAE J2006, alama ya kiwango cha mipira ya ekzosi za boti. Huo umepimwa uhimili dakika 2 mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote bila maji ya kupoza, nafasi ya kukutosha kuona mshale wa joto na kuzima. Usipunguze kipenyo ili ulingane na mpira ulioupata dukani. Moshi ukibanwa hurudi nyuma, mashine inapoteza nguvu na joto linapanda.

Kabla hujavisha, ng'oa ile elbo uchungulie. Masizi na chumvi huganda ndani kama ukoko wa sufuria, na mara nyingi njia ya maji hubaki tundu dogo tu. Ikiwa chuma kimeliwa, weka mpya. Kutoka hapo mpira ushuke moja kwa moja, angalau sentimita 4 kwa kila mita, bila kujikunja mahali maji yatakapotuama. Na kama pale maji yanapoingilia elbo hapapiti usawa wa bahari kwa sentimita 15 boti ikiwa na mzigo kamili, weka valvu ya kukata mvuto. Nasisitiza mzigo kamili, kwani boti tupu hudanganya. Bila valvu hiyo, mashine ikizimwa bahari hujivuta yenyewe polepole hadi kwenye silinda. Vilevile ukipiga stata mara nyingi bila kuwaka, funga koki ya maji, uifungue pindi inapowaka.

Mpira ukigoma kuingia, uchovye kwenye maji ya moto na upake sabuni ya vyombo. Grisi hapana, inaula. Kila ncha ya ekzosi, na kila ncha iliyo chini ya usawa wa maji, ivishwe klipu mbili za stenlesi, skrubu zikitazamana pande tofauti. Kama shingo ya bomba ni fupi, moja iliyokaa sawasawa ni bora kuliko ya pili inayobana hewani na kukata mpira. Nenda dukani na sumaku: klipu nyingi zina utepe wa stenlesi lakini skrubu ni ya chuma cha kawaida, na hiyo ndiyo inayooza kwanza.

SWALI: Fundi, mipira ya silikoni ile ya bluu inafaa?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Kwenye ekzosi ya maji inafaa, ikiwa imetengenezwa kwa kazi hiyo, joto inalihimili vizuri. Kwenye mafuta ya dizeli usiiweke kabisa. Hata pale inapopita maji, iinue isilale ndani ya ngama (sakafu ya chini ya chombo panapotuama maji) yenye oili, maana huvimba na kulegea. Kwa kunyonyea, iwe na waya. Na kwa kuwa ni laini, tumia klipu yenye utepe usio na matundu, la sivyo meno yatazama ndani yake.