Kwa mwanangu Rehema, kuhusu ukuta wa viti 76

Tanga

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Mama yako naye anakusalimu na anauliza kama bado unalala kwenye kile chumba cha kupanga mnachogawana marubani sita karibu na uwanja wa ndege.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu. Unaniambia kwamba marubani wa shirika kubwa la huko Marekani, lile ambalo rangi zake zimepakwa kwenye ndege yako ingawa silo linalokulipa mshahara, wanajiandaa kusimama na mabango nje ya jengo la abiria wakidai mkataba mpya, na kwamba wamewaomba ninyi wa shirika dogo mje na sare zenu msimame nao. Wenzako wamegawanyika. Nawe unauliza kwa nini uwashikie bango watu ambao mkataba wao ndio unaokuzuia usirushe ndege kubwa, na ambao mkikutana kwenye basi la wafanyakazi hawaitikii salamu.

Jibu langu ni kwamba uende. Hata hivyo, sipendi uende kwa kudhani kwamba hasira ya wenzako haina msingi, maana msingi upo, na ni wa zamani kuliko umri wako.

Mwaka 1983 American Airlines ilianzisha mishahara miwili kwa kazi moja: waliokuwapo walibaki na malipo yao, na kila aliyeajiriwa baadaye alianzia ngazi ya chini. Mashirika mengine yaliiga. United ilipotaka kufanya hivyo, marubani wake waligoma tarehe 17 Mei 1985 na kukaa nje siku 29, na jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui ni kwamba waligomea mshahara wa watu ambao walikuwa hata hawajaajiriwa. Kulikuwa pia na kundi la marubani wapya, karibu 570, ambao shirika lilikuwa limekwisha kuwafundisha wakisubiri kuanza kazi. Shirika lilitegemea kwamba hao, wasio na mshahara wala haki yoyote bado, wangewapita wagomaji na kuingia kazini. Karibu wote walikataa. Mgomo ulipokwisha wakanyimwa kazi, chama cha marubani kikaenda mahakamani kwa ajili yao, na hatimaye wakaingizwa. Sijui mfano mwingine katika kazi yetu ambapo wakubwa na wadogo walibebana namna hiyo.

Mgomo ule haukuifuta ngazi ya chini mara moja, ila katika miaka iliyofuata ilififia ndani ya mashirika makubwa. Kumbe haikufa, ilihamia kwa jirani. Mwaka 1993 Comair ya Cincinnati ilianza kurusha ndege ndogo za jeti za viti 50 zilizotengenezwa na Bombardier ya Kanada, na muda si mrefu karibu kila shirika kubwa lilikuwa na mashirika madogo yakibeba abiria wake kwa jina lake, kwa marubani wa bei nyingine. Wakongwe waliziona ndege hizo hazina hadhi yao. Katika meza ya mazungumzo waliziachia, wakapokea mambo mengine waliyoyaona ya maana zaidi. Hapo ndipo ninapowalaumu, wala sitawatetea: mshahara wa daraja la pili walioupinga mwaka 1985 waliuruhusu urudi kwa kuwa mara hii ulikuja na jina la shirika jingine, na aliyeupokea hakuwa kwenye orodha yao ya waliotangulia kazini, ile inayoamua nani anapanda cheo kwanza.

Walishtuka baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, walipopumzishwa kazi kwa maelfu bila malipo huku ndege ndogo zikiongezeka. Wakati huo nilikuwa rubani msaidizi katika shirika dogo ambalo sitalitaja. Tuliletewa makapteni waliopumzishwa na shirika kubwa, wakakalishwa moja kwa moja kwenye kiti cha kushoto, yaani cha kapteni, cha ndege mpya ambazo sisi tulikuwa tukizingojea kwa miaka. Nilipangwa kuruka na mmoja wao, mtu wa makamo, mwungwana, ambaye bado alisoma orodha ya ukaguzi kwa maneno ya shirika lake la zamani, nami nikalazimika kumrudisha kwenye maneno yetu kila mara. Siku moja tukisubiri ukungu upungue aliniambia, bila ukali, kwamba safari ile ilikuwa yake na mimi ninaifanya kwa nusu ya bei. Nikamjibu kwamba kiti alichokalia kilikuwa changu. Tulikuwa tukisema kweli sote wawili, na aliyetupanga hivyo hakuwamo kwenye ndege ile.

Sasa kuhusu huo unaouita ukuta. Mikataba ya marubani wa mashirika matatu makubwa ya Marekani (American, Delta na United) inasema kwamba ndege inayorushwa na shirika dogo kwa niaba yao isizidi viti 76 wala uzito wa ratili 86,000 wakati wa kuruka. Embraer 175 unayoirusha ina viti 76 kwa sababu ya karatasi, si kwa sababu ya mlango au injini. Kwingineko inapakia hadi 88. (Kichekesho ni kwamba United ilifikia hatua ya kuchukua ndege iliyoundwa kwa abiria 70 na kuipunguza iwe na viti 50 tu, ili ihesabiwe katika kundi la ndege ndogo.) Wenzako wanauona ukuta huo kama dharau. Mimi nauona kama nyufa zilizozibwa na watu waliochelewa. Bila huo, ndege ya viti 100 ingehamishiwa kwenu kesho, nawe ungepata ukapteni wake haraka, kwa mshahara wa shirika dogo, na huko mbele unakotaka kwenda nafasi zingekuwa zimepungua kwa idadi ileile. Ukuta huo unalinda kazi unayoitafuta wewe mwenyewe.

Kilicho kibaya si mpaka, ni kwamba nyuma yake hakuna mlango. ALPA, chama cha marubani kilichoanzishwa mwaka 1931, kiliwakilisha marubani wa Delta na wa Comair kwa wakati mmoja. Delta ilipoinunua Comair, wale wadogo waliomba orodha mbili za waliotangulia kazini ziunganishwe kuwa moja. Chama hakikukubali, na baadhi yao wakakishtaki chama chao wenyewe. Tarehe 26 Machi 2001 waligoma, na mgomo ulidumu siku 89. Mfuko wa chama, uliojazwa na michango ya wakubwa pia, uliwalipa posho. Kwa hiyo chama kilekile kiliwanyima orodha na kikawapa chakula. Ndivyo undugu wetu ulivyo, mwanangu, na anayekueleza nusu moja tu ya habari hiyo ana lake jambo. Walipata mkataba mzuri, lakini Septemba 2012 Comair ilifungwa, na abiria wake wakaendelea kubebwa na mashirika mengine madogo.

Wala usifikiri kwamba wadogo kwa wadogo tumependana zaidi. Mwaka 2013 marubani wa PSA, shirika dogo jingine, walikubali masharti duni ili wapewe ndege mpya; mwaka uliofuata wenzao wa Envoy, chini ya mmiliki yuleyule, walikataa masharti ya aina hiyo, na ndege zilizokuwa zikitajwa kuwa zao zikapelekwa kwingine. Mchezo wenyewe ndio huo: kazi moja hunadishwa kwa makundi mawili, na anayekubali kidogo ndiye anayebaki nayo. Ulipokuja upungufu wa marubani mwaka 2022, Envoy hiyohiyo ilipandisha malipo ya rubani msaidizi anayeanza hadi dola 90 kwa saa. Miaka kumi na mitatu kabla ya hapo, ndege ya shirika dogo la Colgan ilipoanguka karibu na Buffalo ikiwa na tiketi za shirika kubwa la Continental na watu 50 wakafa, taifa zima lilishangaa kusikia kwamba rubani wake msaidizi alikuwa akilipwa kama dola 16,000 kwa mwaka, na kwamba alisafiri usiku kucha kutoka Seattle ili afike kazini. Sisi wa kazi hatukushangaa.

Kuhusu salamu zisizoitikiwa, wapo wenye kiburi, sikatai. Lakini angalia pia ni nani anayekurudisha nyumbani zamu ikiisha. Unapanda kwenye kiti cha ziada nyuma ya kapteni wa shirika kubwa, humlipi kitu, na yeye hana lazima ya kukuchukua. Kiti hicho ndicho cha kwanza kunyimwa mtu aliyewahi kuvunja mgomo, hata baada ya miaka ishirini. Mwenye kukupa kiti hicho amekuhesabu kuwa mwenzake, hata kama hakuzungumza nawe njia nzima.

Basi nenda, ukiwa nje ya zamu, baada ya kumwuliza mwakilishi wa chama chenu kama sare inaruhusiwa. Wasimamizi watakuwa dirishani wakihesabu ni nani amekuja, na wakiona sare za aina moja tu watajua pa kubana. Tena mshahara wao ndio dari ya wa kwenu; Delta walipopata nyongeza ya asilimia 34 katika mkataba wa mwaka 2023, mashirika madogo yalilazimika kufikiri upya jinsi ya kuwashika watu wao.

Mkishamaliza, mtafute mwenyekiti wao wa mazungumzo, mpe mkono, na umwulize mbele ya watu: katika madai mliyopeleka mezani, ni kipengele gani kinachosema kwamba rubani anayerusha ndege zenu za viti 76 ataingia kwenye orodha yenu bila usaili, na baada ya miaka mingapi? Kama kipo, akuonyeshe ukurasa. Kama hakipo, mwambie kwamba mmekuja na mtakuja tena, na kwamba kila mkija mtauliza hilo. Kisha uniandikie alichojibu.

Wako,
Baba