Rangi nyekundu kwenye kamera ya joto si kipimo cha inflamesheni

SWALI: Napaka panya krimu ya imikwimodi (dawa inayochochea kinga ya mwili) mgongoni ili wapate ngozi inayofanana na ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi nyekundu yenye magamba, kisha nawapiga picha kwa kamera ya joto. Kabla ya kila picha nawaondoa manyoya kwa krimu ya kunyonyolea. Hata waliopakwa krimu isiyo na dawa wanatokea wekundu. Nimeambiwa kuna programu ya kusafisha picha, na kwamba nikiitumia sihitaji kukata vipande vya ngozi. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na aliyekuambia hivyo anakupotosha.

Krimu ya kunyonyolea yenyewe huchubua ngozi, na damu hujaa pale ilipopita. Itumie mara moja tu, siku moja au mbili kabla ya jaribio, kisha mpige kila panya picha ya mwanzo kabla hujampaka chochote.

Kinachonikera, maana nakutana nacho kila mara, ni imani kwamba rangi ni kipimo. Kamera haioni inflamesheni, yaani wekundu, joto na uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili. Inapokea infraredi inayotoka juu ya ngozi na kuikadiria joto, basi. Rangi hupangwa na programu, na ukiiacha ijipangie, huchukua penye baridi kabisa na penye moto kabisa ndani ya picha na kugawa rangi zote hapo katikati. Tofauti ya nusu nyuzi ya joto itaonekana kama moto wa nyika! Funga kipimo cha rangi kisibadilike, tuseme nyuzi 28 hadi 38 za Selsiasi, kwa picha zote, halafu uandike nyuzi.

Hata nyuzi zenyewe zina mambo. Panya aliyelazwa kwa isoflurani, dawa ya usingizi ya kuvuta, hupoa haraka, kwa hiyo wa dakika ya 2 hafanani na wa dakika ya 10. Krimu mbichi hupoza ngozi. Aliyetoka kwenye mkeka wa joto huja na joto la mkeka. Mambo hayo yakishachanganyika ndani ya picha, hakuna programu itakayoyatenganisha.

Njia nyingine, ya kemikali iitwayo luminoli, iko karibu zaidi na ugonjwa, kwani hutoa mwanga pale kimeng'enya cha nyutrofili (aina ya chembe nyeupe za damu) kinapofanya kazi. Lakini mwanga huo wa buluu hufyonzwa na damu na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi na manyoya, hivyo usilinganishe panya weusi na weupe.

Picha hukuwezesha kumfuatilia panya yuleyule siku hadi siku bila kumuua, na faida hiyo ni kubwa. Siku ya mwisho kata ngozi, upime unene wa epidemisi (tabaka la juu la ngozi) kwa hadubini. Anayekuuzia njia ya kuruka hatua hiyo, mwombe picha na kipande cha ngozi vya panya mmoja. Akikosa, usimkabidhi data yako.