Barua kwa Mwanangu: Ada Iliyopanda na Ada Iliyopandishwa

Mwanangu mpenzi,

Salamu na dua zangu zikufikie huko uliko. Swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja: katika waraka wa Kiingereza kwa wazazi uliandika "we have raised our fees", mkuu wa shule akaufuta mstari huo na kuandika "our fees have risen", nawe unataka kujua kama "raise" na "rise" vinatofautiana kwa maana au ni sauti tu zinazokaribiana.

Sarufi yake si ngumu. "Rise" ni kupanda, kuinuka au kuchomoza. Hakichukui yambwa, yaani kitu kinachotendewa, nacho huenda "rise, rose, risen". "Raise" ni kupandisha au kuinua, hudai kitu kinachoinuliwa, na wakati uliopita ni "raised". Ni jozi kama amka na amsha, lala na laza, ila kwetu mnyambuliko husikika wazi, ilhali kwao tofauti imebaki kwenye irabu. "Rise" ni neno la Kiingereza cha kale. "Raise" lilifika na walowezi kutoka Skandinavia, na asili yake ni kitenzi hicho hicho kilichotiwa usababishi. Nyongeza ya mshahara Mwingereza huiita "rise" na Mmarekani "raise", kwa hiyo usishangae ukiyaona yote mawili.

Lakini mimi katika swali lako nasikia jambo jingine, lile nililowaambia tangu mkiwa wadogo: katika kila sentensi, mtafuteni mtenda.

Ile nyumba ya Chumbageni yenye mwembe uani unaikumbuka, ila sidhani kama uliwahi kuambiwa kwa nini tuliihama. Wakala wa mwenye nyumba alituletea barua ya Kiingereza, nadhani akitumaini lugha yenyewe itatunyamazisha, na ndani yake imeandikwa "the rent has risen". Marehemu baba yako aliisoma kwa sauti, akamkaribisha mgeni kahawa, kisha akamwuliza kwa upole, "Kodi hii imepanda yenyewe, kama maji ya bamvu?" Yule bwana akajibu kwamba ndivyo ilivyoandikwa. "Basi," akasema baba yako, "kamwulize aliyeipandisha ameipandisha kwa sababu gani, kisha rudi tuzungumze." Jibu halikuletwa, kilicholetwa ni notisi. Tulihama katikati ya masika, magodoro yenu yakalowa juu ya mkokoteni, na hilo linanichoma mpaka leo. Swali la baba yako, hata hivyo, kila nikilikumbuka hufurahi, kwa kuwa wakala aliondoka akijua kwamba tumeona mahali ambapo jina la mtu lilikuwa limeachwa.

Nikisema hivyo, naona pia upande wa pili. Babu yako alikuwa mkata mkonge, na bei ya mkonge ilipoporomoka miaka ya 1960, nyuzi za sintetiki zilipoenea duniani, hapakuwa na mtu wa kumnyoshea kidole hapa Tanga. Aliyesema bei imeshuka alisema kweli. Vivyo hivyo unga, maharage na dizeli ya basi la shule hamvipangii bei ninyi, na mkuu wako akiandika kwamba gharama "have risen", ametumia neno la haki. Sisi wenyewe husema "bei imepanda" kutwa nzima bila nia ya kumficha yeyote. Ila gharama na ada si kitu kimoja. Gharama zilipanda, kisha watu wakakaa kikao, wakajadiliana, wakaipandisha ada, na mzazi anayelipa ana haki ya kusikia habari zote mbili kwa mfuatano huo.

Unataka pia niseme nani kati yenu kakosea. Kisarufi sentensi zote mbili ni safi. Kuhusu kama uipeleke ilivyo au umrudie mkuu wako, ulimi unaniwasha, maana najua baba yako angesema nini. Lakini kazi ni yako, na mwenendo wa ofisi hiyo unaujua wewe, kwa hiyo sitakuamulia. Ukiamua kumrudia, nenda na sentensi inayotaja kwanza gharama zilizopanda kwa "rise", kisha uongozi ulioipandisha ada kwa "raise", na unitumie rasimu niisome kabla haijafika kwa wazazi.

Mama yako